Fedha Ziliisha, Daftari Likabaki

Silver Spring, Maryland

Nilifika Washington Aprili 2025, wiki ambayo mawaziri wa fedha na magavana wa benki kuu kutoka kila bara walikuwa wakihudhuria mikutano ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Mimi nilikuja kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Silver Spring, nje kidogo ya mpaka wa jiji. Ni kitongoji chenye wahamiaji wengi. Wahabeshi wana migahawa yao, watu wa El Salvador wana maduka yao, na ukikaa kwenye kituo cha treni mwisho wa wiki hukosi kusikia Kiswahili.

Nilikuja pia na swali. Lilinipata mwaka 2023 ndani ya daladala, nikitoka Mbagala kwenda Kariakoo. Simu ililia, nikasoma ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulisema kwamba mpwa wangu, wakamtaja jina lake kamili, ni tapeli, amekopa na hataki kulipa, na kwamba mimi kama ndugu yake nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amekopa shilingi 60,000 kwenye programu ya simu, akachelewesha marejesho kwa siku mbili. Ujumbe huohuo ulikwenda kwa mwalimu wa mwanawe, kwa mwenye nyumba, kwa fundi wake wa cherehani na kwa kijumbe wa mchezo wa kupeana fedha anaocheza na wenzake. Wote tulikuwa kwenye orodha ya majina ya simu yake, na alipopakua programu ile alibonyeza kitufe cha kuiruhusu isome orodha hiyo.

Mimi sikuwa nimekopa. Sikuwa mdhamini, wala sikutia saini popote. Nilikuwa jina tu ndani ya simu ya mtu mwingine, na jina hilo liliwekwa rehani bila mwenyewe kuulizwa. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mtu anapokopeshwa kwa nguvu ya taarifa zake, taarifa hizo ni mali ya nani, na deni likiisha zinakwenda wapi?

Dada yangu alinijibu sehemu ya swali hilo usiku wa kwanza, tukinywa chai. Alifika Marekani akiwa na shahada na miaka kumi ya kazi ya ofisini Dar es Salaam. Alipotaka kupanga nyumba aliulizwa alama yake ya mkopo. Alama hizo huanzia 300 hadi 850, nazo hukokotolewa kutokana na faili zinazotunzwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Yeye hakuwa na faili. Kwa macho ya wakopeshaji ilikuwa kama hajazaliwa. Ripoti ya serikali ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu wazima milioni 26 ndani ya Marekani walikuwa katika hali hiyo.

Benki ikampa njia: aweke dola 200 kama dhamana, apewe kadi yenye ukomo wa dola 200. Akawa anajikopesha fedha zake mwenyewe na kuzirejesha kila mwezi, ili faili lake lianze kuandikwa. Ilimchukua zaidi ya mwaka kupata alama ya kumwezesha kukopa gari.

Nikalinganisha na kwetu. Novemba 2012 Safaricom na Benki ya Biashara ya Afrika walianzisha M-Shwari nchini Kenya. Mwaka 2014 benki hiyohiyo na Vodacom wakaleta M-Pawa Tanzania. Mama lishe ambaye hajawahi kuketi mbele ya ofisa mikopo aliweza kukopa akiwa jikoni kwake, kwa sababu laini yake ya simu ndiyo iliyokuwa faili. Imesajiliwa kwa muda gani, inapokea na kutuma kiasi gani, salio linakaaje: hayo yalitosha. Kwa upande huu Afrika Mashariki iliitangulia Marekani, na ni haki tuliseme kwa sauti. Watu wengi walisomesha watoto na kujaza duka kwa mikopo ile midogo.

Bei yake nayo ilikuwa na uzito. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa, akalipa na kukopa tena kila mwezi mwaka mzima, hulipa asilimia 90.

Kisha dada akafungua droo, akatoa barua aliyoitunza. Kabla ya kupata mkopo wa gari alinyimwa mara moja, na aliyemnyima alilazimika kumwandikia sababu. Zilikuwa nne, zimepangwa kwa namba, na chini yake jina na anwani ya kampuni iliyotoa faili, pamoja na maelezo kuwa ana haki ya kuomba nakala bila malipo na kupinga kilichoandikwa kimakosa. Haki hizo zilitungiwa sheria miaka ya 1970. Mei 2022, mikopo ilipokwisha kuhamia kwenye mashine, mamlaka ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa waraka kusema kuwa mkopeshaji hawezi kujificha nyuma ya ugumu wa hesabu za kompyuta. Sababu lazima zitajwe.

Nilishika barua ile kwa muda. Mpwa wangu aliwahi kunyimwa mkopo kwenye simu mara kadhaa. Kilichomjia kila mara kilikuwa sentensi moja: samahani, hujakidhi vigezo. Vigezo gani, hakuambiwa.

Pennsylvania Avenue

Asubuhi nilipanda treni ya mstari mwekundu hadi Metro Center, nikatembea hadi Pennsylvania Avenue. Mkabala na Wizara ya Fedha, hatua chache kutoka Ikulu, lipo jengo la wizara hiyo ambalo tangu Januari 2016 linaitwa Freedman's Bank Building. Limesimama mahali palipokuwa makao makuu ya benki ya akiba ya watu waliotoka utumwani.

Benki hiyo iliidhinishwa Machi 3, 1865, kwa saini ya Abraham Lincoln, wiki sita kabla ya kupigwa risasi. Kwa wakati wake ilikuwa uvumbuzi mkubwa. Mtu aliyekuwa mwenyewe mali ya mtu mwingine sasa aliweza kufungua akaunti, hata kwa senti tano. Dobi, mkulima wa pamba, askari wa vikosi vya watu weusi, wote walikuwa na kitabu chao cha akiba. Benki ilifikisha matawi 37 katika majimbo 17 na jiji la Washington. Kwenye vitabu vile palichapwa sura ya Lincoln, na wenye amana waliamini kuwa serikali ya Marekani ndiyo mdhamini wao. Haikuwa hivyo. Serikali iliidhinisha benki, lakini haikudhamini hata senti moja.

Sheria ya awali iliwataka wasimamizi wawekeze sehemu kubwa ya akiba kwenye dhamana za serikali. Mwaka 1870 sheria hiyo ililegezwa, wakaruhusiwa kukopesha kwa rehani ya ardhi na majengo. Henry Cooke, aliyeongoza kamati ya fedha, alikuwa ndugu wa Jay Cooke, mfadhili mkubwa wa reli, na fedha za madobi zikaanza kwenda kwa marafiki na miradi yao. Septemba 1873 kampuni ya Jay Cooke ikaanguka, hofu ikatanda nchi nzima. Machi 1874 wakamwita Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa na wakati huo msemaji mashuhuri kuliko wote wa watu wake, awe rais wa benki. Douglass aliikopesha benki dola 10,000 zake mwenyewe kabla ya kugundua kuwa ilikwisha kuoza ndani. Ilifungwa Juni 29 mwaka huohuo. Waliokuwa na amana walikuwa 61,144, na walichopoteza kilikaribia dola milioni 3. Baada ya miaka ya kusubiri, karibu nusu yao walirudishiwa takriban tatu ya tano ya fedha zao. Waliobaki hawakupata kitu.

Lakini kipo kilichosalia. Kila aliyefungua akaunti aliandikwa kwenye daftari: jina, umri, rangi ya ngozi, alikozaliwa, alikolelewa, kazi yake, mume au mke, watoto, baba, mama, kaka na dada. Madaftari ya miaka ya mwanzo yaliandika hata jina la bwana aliyemmiliki na shamba alilotumikia. Madaftari ya matawi 29 yamehifadhiwa na Nyaraka za Taifa, ambazo jengo lake liko mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Mwaka 2001 Kanisa la Mormoni lilitoa faharasa yake yenye majina yapatayo 480,000, na leo Wamarekani weusi wanaotafuta mababu zao huyaona humo majina ambayo hayapo kwingine kokote.

Nilikaa kwenye benchi la bustani ya Lafayette nikaandika: fedha ziliisha, daftari likabaki. Hili ndilo jambo nililokuja kulitafuta bila kulijua. Mkopo una mwisho wake, amana huweza kutolewa au kupotea, lakini kilichoandikwa juu ya mtu huishi kuliko fedha yenyewe, na huishi kuliko mtu.

Nikafikiri pia kwa nini makarani wale waliuliza majina ya ndugu. Walitaka mwenye akaunti akifa, warithi wake wajulikane na walipwe. Programu ya simu ya mpwa wangu nayo ilitaka majina ya ndugu zake, ili kumwaibisha. Wote wawili wanauliza, ndugu zako ni akina nani, lakini mmoja anakusudia mtoto alipwe haki yake na mwingine anakusudia mama apoteze heshima mbele ya mwalimu wa mtoto. Kinachowatenga ni kusudi tu.

Mtaa wa 17

Dakika chache kutoka hapo, Mtaa wa 17, yapo makao makuu ya shirika la bima ya amana la Marekani, FDIC. Liliundwa mwaka 1933 baada ya maelfu ya benki kufungwa, na leo hulinda amana hadi dola 250,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Wateja wa benki ya walioachwa huru walihitaji chombo cha namna hii, nacho kilichelewa miaka 59.

Nilisimama mbele ya jengo hilo nikiikumbuka Machi 2023. Tarehe 9, wateja wa Silicon Valley Bank ya California walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wakiwa wameketi na simu zao, baada ya habari za hasara yake kuenea mtandaoni. Kesho yake benki ilifungwa. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba dunia imeona jambo jipya. Wakenya walikwisha kuliona. Aprili 7, 2016, Chase Bank ya Nairobi iliwekwa chini ya msimamizi, na Benki Kuu ya Kenya katika tamko lake ilitaja habari zisizo sahihi zilizosambaa kwenye mitandao ya kijamii kuwa miongoni mwa sababu za wateja kukimbilia fedha zao. Zamani benki iliyoyumba ilipata usiku mmoja wa kupumua, kwa kuwa milango ilifungwa saa kumi. Simu haina saa ya kufunga. Uvumi na fedha sasa hupita njia moja, tena kwa mwendo mmoja.

Jambo lililonigusa zaidi mtaani hapa ni la Synapse, ambalo kwetu halikusikika sana. Synapse haikuwa benki. Ilikuwa kampuni ya katikati, iliyoziunganisha programu za akiba za simu na benki ndogo zilizoshika fedha hasa. Wateja waliona kwenye programu zao maneno kwamba fedha zina bima ya FDIC, wakatulia. Aprili 2024 Synapse ikafilisika, na Mei zaidi ya watu 100,000 wakajikuta hawawezi kugusa takriban dola milioni 265. Wasimamizi walipofungua hesabu walikuta daftari la Synapse halilingani na madaftari ya benki. Pengo lilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 65 na 96. Bima haikuwasaidia, kwa kuwa bima hulipa benki inapoanguka, na hakuna benki iliyokuwa imeanguka. Aliyeanguka ni mwenye daftari.

Miaka 150 baadaye, hadithi ni ileile ya kitabu chenye sura ya Lincoln. Mtu anaona alama ya serikali juu ya karatasi, au juu ya kioo, anaamini kuwa serikali imesimama nyuma yake. Septemba 2024 FDIC ilipendekeza kanuni ya kuzitaka benki zijue kila siku fedha za akaunti za namna hiyo ni za nani na ni kiasi gani.

Kwetu, fedha za simu zinatakiwa kukaa kwenye akaunti maalumu za udhamini ndani ya benki, na sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015 iliipa Benki Kuu ya Tanzania mamlaka ya kuzisimamia. Ni msingi mzuri. Tigo Pesa hata ilianza mwaka 2014 kuwagawia wateja faida iliyotokana na akaunti hizo. Ila kila siku inazaliwa huduma mpya ya katikati, ya akiba, ya mikopo, ya kuwekeza kidogokidogo, na tunaifurahia kwa urahisi wake kabla ya kuuliza swali la Synapse: daftari liko kwa nani, na nani analilinganisha kila jioni?

McLean na Ashburn, Virginia

Siku ya tatu nilivuka mto Potomac kwa treni ya mstari wa fedha. Kituo cha McLean kiko chini ya mnara wa Capital One, benki iliyojengwa juu ya wazo la kutumia takwimu kuamua nani apewe kadi na kwa riba ipi. Mnara huo ni miongoni mwa majengo marefu kabisa ya eneo hili, nao unaonekana toka mbali.

Julai 2019 benki hiyo ilitangaza kuwa mtu mmoja, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni iliyohifadhi data zake, ameingia na kuchukua taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Canada. Zilikuwamo namba 140,000 hivi za hifadhi ya jamii na namba 80,000 hivi za akaunti za benki. Mwaka 2020 ilitozwa faini ya dola milioni 80, na baadaye ikakubali kulipa dola milioni 190 kumaliza madai ya wateja.

Nilichokiandika kwenye daftari langu ni hiki: sehemu kubwa ya taarifa zile zilitoka kwenye fomu za maombi ya kadi, za tangu mwaka 2005 hadi mwanzoni mwa 2019. Kuomba si kupewa. Mtu aliyejaza fomu mwaka 2005, akaandika kipato chake, tarehe yake ya kuzaliwa na anwani ya nyumba yake, taarifa zake ziliweza kukaa humo miaka kumi na minne, hata kama hakupata senti. Mkopo haukuwahi kuwapo, daftari lilikuwapo.

Sikushuka McLean. Niliendelea na treni hadi mwisho wa mstari, Ashburn, katika kaunti ya Loudoun, kwa sababu nilitaka kuona taarifa zinakaa wapi. Kabla ya kituo cha mwisho yanaanza kuonekana majengo makubwa ya rangi ya kijivu na maziwa, marefu kama maghala ya bandari ya Dar es Salaam, mengi hayana madirisha kabisa. Juu na ubavuni yamejaa mitambo ya kupoza hewa, nyuma yake jenereta zimepangwa mstari. Hapa ndipo penye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa vituo vya data. Tunasema taarifa ziko mawinguni. Nilizikuta chini, zimezungushiwa uzio na mlinzi getini, zinakula umeme usiku na mchana. Mtu anayeshika mali ya watu wengi namna hii ni mtunza amana, apende asipende.

Katika jambo hili sisi tuna la kuonyesha. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya. Walalamikaji walisema kuwa majina na namba zao zilichukuliwa kutoka kwa watu wengine, wakawa wanatumiwa ujumbe na kupigiwa simu za vitisho. Mwaka huohuo kampuni ya Whitepath ilitozwa shilingi milioni 5. Niliposoma kesi ya Mulla Pride nilimkumbuka yule abiria wa daladala ya Mbagala. Kumbe jina ndani ya simu ya mtu mwingine lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kushtaki akashinda.

Tanzania tulipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua tume yake. Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza kuzipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hii ndiyo mikopo ambayo mtaani tuliipa jina la kausha damu, na jina hilo liliwafikia wakubwa mpaka bungeni.

Mtaa wa G

Mahali pa mwisho palikuwa namba 1700 ya Mtaa wa G, karibu na Ikulu. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya ile mamlaka ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iliyozaliwa kwa sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 baada ya mikopo mibaya ya nyumba kuivuruga dunia. Kwa hesabu yake yenyewe, ilikuwa imewarudishia au kuwafutia wananchi zaidi ya dola bilioni 20. Oktoba 2024 ilipitisha kanuni ya kumpa mteja haki ya kuhamisha taarifa zake za benki aendako, na kumkataza anayezipokea asizitumie kwa jingine zaidi ya lile aliloombwa.

Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa. Februari 2025 uongozi mpya uliwaambia watumishi wasimamishe kazi na wasifike ofisini, na jina la taasisi likaondolewa ukutani. Mvutano ulikuwa mahakamani. Kanuni ya Oktoba nayo ilikuwa imepingwa mahakamani na mabenki. Mlinzi alinitazama nikiandika, hakusema neno. Nilihuzunika, kwa kuwa ile barua ya sababu nne niliyoishika Silver Spring ina thamani pale tu penye mtu wa kuuliza kwa nini haikuandikwa.

Hata hivyo, jiji lenyewe halikulala. Sheria ya Washington inaweka ukomo wa riba ya mikopo midogo kuwa asilimia 24 kwa mwaka. Novemba 2024 mwanasheria mkuu wa jiji, Brian Schwalb, aliishtaki EarnIn, programu inayompa mfanyakazi sehemu ya mshahara kabla ya mwisho wa mwezi na kuomba bakshishi pamoja na ada ya kuharakisha. Madai yake ni kwamba bakshishi na ada hizo, zikihesabiwa kama riba, huvuka asilimia 300 kwa mwaka. Nililinganisha na ada ya huduma, ada ya kushughulikia na ada ya kuchelewa ambazo mpwa wangu alikatwa. Lugha mbili, ujanja mmoja: riba ikiwekewa ukomo hubadili jina.

Silver Spring tena

Jumapili dada alikuwa na zamu ya kukaribisha wenzake wa mchezo. Walikuja wanawake kumi na moja, Watanzania, Wakenya na Mrundi mmoja. Wengi ni wauguzi na walezi wa wazee, mmoja ana duka la nywele. Kila mwezi kila mmoja hutoa dola 300, na mmoja hupokea fungu zima. Wengine walituma kwa simu, kupitia Zelle, wakiwa bado kwenye kochi, wengine walikuja na noti. Wahabeshi jirani zao wana mchezo kama huu, wao huuita ekub.

Kijumbe alikuwa mama wa Tanga, mwenye sauti ya chini. Alifungua daftari la shule, akavaa miwani, akaanza kutia alama. Nilimwomba ruhusa niangalie. Lilikuwa na safu tatu: jina, kiasi, mwezi wa kupokea. Nikamuuliza kama hahitaji kujua zaidi, anwani, mwajiri, ndugu. Akasema:

"Baba, nikishajua atatoa na lini atapokea, mengine ya nini? Mengine ni ya nyumbani kwake."

Mwaka juzi mmoja wao alifiwa na mume, akashindwa kutoa kwa miezi miwili. Wakamsogeza mwisho wa orodha, wakachangia, na hakuna asiyehusika aliyejua. Najua mchezo wa watu kumi na wawili hauwezi kuendesha uchumi wa nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Hauwezi kumkopesha mtu msiyemjua, na kijumbe akitoroka hakuna bima. Tunazihitaji benki, simu na mashine zinazohesabu haraka. Lakini kanuni ya mama yule inaweza kuandikwa kwenye sheria yoyote: chukua kile tu ambacho mkopo unakihitaji, kitumie kwa mkopo huo tu, na deni likiisha funga daftari.

Kiswahili kimetuwekea neno tayari. Fedha unazoweka benki tunaziita amana, na kitu chochote ulichokabidhiwa na mwenzako ukitunze tunakiita amana vilevile. Wazee wetu hawakutofautisha. Mwenye kula amana ya watu, iwe fedha, iwe siri, alikuwa na jina moja. Sheria za Nairobi, Dodoma na Washington zinajaribu, kila moja kwa lugha yake, kuirudisha taarifa ya mtu kwenye maana hiyo, na nimeona kwa macho yangu mlango uliofungwa wa Mtaa wa G, ushahidi kwamba sheria inahitaji watu wa kuisimamia kila siku.

Nimerudi na maombi matatu. Kwa Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: mlazimisheni kila mkopeshaji wa simu amwandikie aliyemnyima mkopo sababu zake, kwa Kiswahili, na afute taarifa za mtu deni linapokwisha na muda wa kisheria wa kuzitunza unapopita. Kwa wanaotengeneza programu hizi, vijana wetu wenye akili nyingi: jengeni huduma ambayo mngependa mama zenu waitumie, isiyoomba orodha ya majina hata kidogo. Na kwako msomaji, siku simu itakapokuuliza kama unairuhusu isome majina yaliyomo, kumbuka kuwa majina yale si yako. Wenyewe walikupa uyatunze. Bonyeza hapana.